Mbege Haingoji Keshokutwa

Ndugu msomaji, kama umezoea kuitambua bia kwa rangi ya chupa yake, safari ya leo itakutaka uanze upya. Tunakwenda Kilimanjaro, wala si kwa kupanda mlima. Wapandao mlima wanao waandishi wao. Sisi tunakwenda migombani, chini ya msitu, ambako ni nadra kukosa kijiji chenye mama anayepika pombe, na kiwanda chake kizima ni pipa moja au mawili, sufuria kubwa, jiwe la kusagia na moto wa kuni.

Ni haki yako kujua unafuatana na mtu wa namna gani. Mwandishi wa makala haya ni mtengenezaji wa vinywaji wa nyumbani. Jikoni kwake hapakosi dumu la tangawizi linalochachuka au mtungi wa rozela uliofunikwa kitambaa. Mtu wa aina hiyo akifika ugenini haulizi hoteli iliyo nzuri. Huuliza ni nani anayepika, anapika kwa nafaka gani, na anatia kitu gani cha kuifanya pombe iwe na uchungu. Maswali hayo matatu ndiyo yaliyonipeleka Marangu, na nilikaa huko juma zima, kwa sababu mbege yenyewe yataka juma zima.

Abiria wa basi kutoka Dar es Salaam hana haja ya kufika Moshi mjini. Ashuke Himo, mahali ambapo njia ya Holili na Kenya, na ile ipandayo Marangu na kuendelea Rombo, huachana na barabara kuu. Hapo apande gari dogo. Chini Himo kuna vumbi na jua kali. Baada ya kupanda kidogo tu, hewa hubadilika, ukungu huanza kuonekana, na migomba husimama bega kwa bega pande zote mbili za barabara hata nyumba zisionekane. Mgeni hudhani anapita msituni, kumbe anapita uani kwa watu.

Kila familia ina kihamba chake. Juu kuna miti mirefu ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, chini ya mibuni magimbi na maharage. Na pembeni kuna zizi la ng'ombe anayeletewa majani hapo hapo alipo. Maji hufika kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na wazee wa zamani kutoka katika vijito vya mlimani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua utaratibu huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo duniani. Wataalamu husifu udongo, maji na miti. Pombe hawaitaji sana, ingawa bila pombe sijui migomba mingapi ingalisalia shambani.

KAHAWA YA BABA, NDIZI YA MAMA

Kahawa ya Kilimanjaro inajulikana ulimwenguni, na chama cha ushirika cha wakulima wake, KNCU, kiliundwa mwaka 1933. Lakini kwa desturi ya huku kahawa ni ya baba. Yeye ndiye aipelekaye chamani, yeye ndiye apokeaye fedha, na bei yake hupangwa na watu ambao hawajapata kuuona mbuni. Ndizi ni ya mama. Mama ndiye aamuaye ni mkungu upi uende jikoni kwa mtori, upi uende sokoni, na upi uachwe uive kwa ajili ya pombe. Kwa hiyo mbege, ambayo wanywaji wake wakubwa ni wanaume, ni mfereji mwingine unaoteremsha fedha ya kahawa na ya mshahara hadi katika kanga ya mama.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo ambaye hakupenda jina lake litokee gazetini, alinieleza jambo hilo kwa maneno machache kuliko yangu.

"Kahawa inasomesha mtoto Januari, mwanangu," alisema. "Mbege inamsomesha Februari mpaka Desemba."

Amepika tangu alipoolewa, miaka 26 sasa, na watoto wake wanne wote wamesoma kwa pipa lile lile la lita 200 lililokaa nyuma ya jiko. Yeye si peke yake. Katika mtaa wake wako wapishi wanne, nao wamegawana siku. Huyu huuza Jumanne, yule Alhamisi, mwenyeji wangu Jumamosi. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Aliyewahi kuvunja zamu, mara moja tu, bado anakumbukwa kwa jambo hilo.

JUMA LA KAZI

Nilimkuta Jumapili jioni, baada ya ibada, akimenya ndizi mbivu na kuzitupa katika sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea. Ndizi zilikuwa za aina mbalimbali. Nilipomwuliza ipi ni bora alicheka, akasema iliyo bora ni ile iliyoiva. Ulezi alikuwa ameuloweka tangu siku iliyotangulia. Sasa aliuchuja, akautandaza ndani ya gunia na kuufunika kwa majani ya mgomba ili uote.

Hapo ndipo mtengenezaji wa nyumbani anapaswa kutulia na kutazama. Bia ya chupa hutengenezwa kwa kimea cha shayiri. Punje ikianza kuota huamsha ndani yake nguvu ya kugeuza wanga kuwa sukari, na chachu hula sukari hiyo na kuifanya kileo. Ulezi hufanya kazi ile ile, na huifanya vizuri sana. Lakini mpika mbege hategemei nafaka peke yake, kwa kuwa ndizi mbivu imekwisha kuwa na sukari yake tayari. Kwa hiyo pombe yake ina wazazi wawili, tunda na nafaka. Ndugu zetu wa Kagera nao huoanisha ndizi na nafaka wanapotengeneza rubisi, ila wao huikamua ndizi mbivu kwa miguu na majani, hawaipiki, na badala ya ulezi hutia mtama uliokaangwa. Ndizi moja, nchi moja, na pombe mbili ambazo mtu hawezi kuzichanganya hata akifungwa kitambaa machoni.

Jumatatu ndizi zilichemshwa tangu asubuhi. Zilichemka mpaka zikapoteza umbo, zikawa rangi ya matofali, na harufu yake ikawa nzito kama ya jamu. Kuni ziliisha mara mbili. Kuni ni gharama ambayo mnywaji haioni. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na kabla ya hapo pia haukuwa wa kukatwa ovyo, basi mama hutegemea matawi ya miti ya kihambani mwake na kuni za kununua. Zilipopoa, ndizi ziliingia katika pipa, zikafunikwa, na hazikuguswa hadi Ijumaa. Rojo hilo likichachuka huitwa nyalu. Hamira haikutiwa. Chachu huishi katika pipa lenyewe, katika mwiko, na pengine katika hewa ya jiko lile, ndiyo maana mama huosha pipa kwa maji matupu na humkemea mtu akileta sabuni karibu.

Alhamisi ulezi, ambao ulikuwa umetoa vijimizizi vyeupe kama nyuzi, ulikuwa tayari umeanikwa na kukauka. Ulisagwa. Ulezi huu haukulimwa mlimani. Zamani, asema mama, kila familia ilikuwa na shamba la ulezi huko chini tambarare. Leo hununuliwa dukani kwa kilo, na wakati mwingine kwa mkopo. Juma hilo alikuwa ameuchukua kwa mkopo. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Ijumaa ndiyo siku ya jasho. Nyalu ilitiwa maji, ikakandwa kwa mikono, ikachujwa kwa kitambaa mpaka makapi yakawa makavu. Makapi walipewa nguruwe. Unga wa kimea ulipikwa uji, polepole sana, kwa sababu moto ukikimbia ile nguvu ya kimea hufa kabla ya kumaliza kazi yake. Mama hajapata kusoma kemia, lakini alikuwa akichovya kidole ndani ya uji na kuvuta kuni nje, akichovya tena na kusukuma moja ndani, na sikuona kipimajoto ambacho kingefanya vizuri zaidi. Uji ulipopoa ulichanganywa na maji ya ndizi. Kisha ukaja msesewa.

Msesewa ni mti, na gamba lake likikaushwa na kutwangwa huwa chungu mno. Wazungu hutia maua machungu ya hopsi katika bia yao. Mchaga hutia msesewa. Kazi yake ni kuukata utamu ili mtu asichoke kunywa. Mti huu ni wa jamii moja na ule wa India ambao mwaka 1952 wataalamu waliutoa dawa ya rezepini, inayoshusha shinikizo la damu. Kwa hiyo si kitu cha kuchezea. Mwenyeji wangu hutia kiasi cha kiganja kwa pipa zima, na aliponiona nataka kuongeza kidogo ili kujaribu, aliushika mkono wangu.

"Hiyo ni dawa, baba. Ukitaka uchungu, tafuta mke mwingine."

Saa tatu usiku pipa lilianza kusema. Ukiweka sikio karibu unasikia mlio mdogo, kama wa mvua inayoanza juu ya majani. Mama alilisikiliza kidogo, akarudisha kifuniko, akaenda kulala.

MSIBA NG'AMBO YA KORONGO

Jumamosi alfajiri simu ililia. Mzee mmoja wa ng'ambo ya korongo alikuwa amefariki usiku.

Msomaji wa mjini huenda asielewe mara moja uzito wa habari hiyo kwa mtu mwenye pipa la mbege. Watu wote ambao wangekuja kunywa siku ile sasa wangekwenda msibani. Hakuna jirani anayefungua kilabu huku jirani mwenzake analiliwa. Hata kama sheria ingeruhusu, uso usingeruhusu. Na mbege haina subira. Jumapili asubuhi watu huwa kanisani, na ifikapo jioni pombe itakuwa imekwisha kugeuka. Mama aliniambia hesabu yake akiwa amekaa juu ya kigoda, bila kunitazama.

"Ya leo ni tamu. Ya kesho ni kali. Ya keshokutwa ni ya nguruwe."

Katika pipa lile mlikuwamo deni la ulezi, fedha ya kuni, na karo ya mtoto wa mwisho iliyotakiwa Jumatatu. Mvua nayo ilianza kunyesha, ile ya manyunyu ambayo mlimani haina haraka ya kwisha.

Nilitazamia kuona machozi au manung'uniko. Badala yake aliinua simu. Aliwapigia wapishi wenzake watatu kwa zamu, akaongea nao Kichaga kwa muda mrefu. Yule wa Jumanne alikuwa hajachuja nyalu yake, hivyo angeweza kuisogeza mbele siku moja au mbili na kumwachia nafasi. Mwingine alikuwa na dada mwenye kilabu Mwika. Kufika saa nne asubuhi mzee wa ukoo wa marehemu akaja mwenyewe, amevaa koti zito na kofia, maji yakimchuruzika.

"Shikamoo, mzee," mama alisema.

"Marahaba, mama. Umesikia."

"Nimesikia. Poleni sana."

Kisha walinyamaza kwa muda, kama inavyostahili. Mzee alieleza haja yake kwa kuzunguka. Ukoo unakutana mchana kupanga mazishi. Wanaume wanakuja kutoka mbali. Kikao cha ukoo bila mbege si kikao, na mbege haipikwi kwa siku moja. Mama alijibu kwa kuzunguka pia. Alisema ndoo mbili ni za pole, hizo hazina bei. Ama hizo nyingine, yeye hatafuti faida katika msiba, ila ulezi ni wa watu.

Hivyo ndivyo walivyopatana. Pipa lile lilitoa ndoo kumi za lita 20. Mbili zilikwenda kuwa rambirambi. Tano zilinunuliwa na ukoo kwa bei ya ulezi na kuni tu. Tatu zilipakiwa katika madumu na kupelekwa Mwika kwa pikipiki, mifuniko ikiwa imelegezwa ili hewa itoke, na huko ziliuzwa kwa bei yake kamili. Jioni mama alipanga noti mezani. Deni la dukani lililipwa lote. Kilichobaki kilikuwa nusu ya karo.

"Mwalimu atangoja wiki moja," alisema. "Mbege ndiyo haingoji."

KATA

Nilifuatana na ndoo zile hadi msibani, nami huko ndiko nilikoionja mbege kwa mara ya kwanza katika safari hiyo. Wazee waliketi peke yao chini ya turubai. Aliyeileta alionja kwanza mbele ya macho ya wote, kama desturi itakavyo, ili pasiwe na shaka juu ya kilichomo. Mzee wa ukoo alimwaga kidogo ardhini akisema maneno ambayo sikuyaelewa wala sikuuliza. Ndipo kata ikaanza kuzunguka. Siku hizi vilabu vingi hutumia vikombe vya plastiki au jagi, na bwana afya hafurahii kata moja kwenda midomo ishirini. Lakini katika shughuli ya ukoo bado kibuyu kina heshima yake.

Ukiipokea, ishike kwa mikono miwili. Usiinywe kama bia. Mbege ni nzito, nusu kinywaji nusu chakula; harufu ya ndizi hutangulia, halafu ukali unaofanana na wa maziwa mgando, na mwishoni kabisa, nyuma ya ulimi, msesewa. Chembe za ulezi hubaki menoni. Aliyezoea bia baridi atakunja uso mara ya kwanza. Mara ya tatu ataelewa ni kwa nini wazee wanakaa nayo mchana kutwa bila kupiga kelele. Ukimaliza, sema "Aika". Neno hilo moja la shukrani litakufungulia mazungumzo.

Mzee niliyekaa karibu naye alinieleza mengi juu ya kazi za pombe hii. Posa haiendi bila mbege. Mtu akimkosea mwenzake na kutaka kusamehewa, hutuma jani la isale, mmea ule ule unaopandwa kwenye mipaka ya vihamba, na mbege hufuata ili wagomvi wanywe pamoja. Nilimwuliza kama bia ya chupa haiwezi kufanya kazi hiyo. Alifikiri.

"Chupa kila mtu ana yake," alisema. "Mtasameheana vipi?"

Kijana mmoja aliyekuja kutoka Arusha aliingilia kati. Huyu alikuwa amevaa vizuri, na ilikuwa dhahiri amelifikiria jambo hili siku nyingi. Kwa nini, aliuliza, akina mama hawa wasiunde ushirika, wakapata mtambo, wakaitia mbege chupani na kuiuza hadi Dar es Salaam? Mbona ndizi imekwisha kutiwa chupani? Hakukosea. Arusha kipo kiwanda cha Banana Investments, kilichoanzishwa mwaka 1993, kinachotengeneza kileo cha ndizi na kukiuza katika chupa, nacho kimepata wateja.

Lakini kileo hicho si mbege, na tofauti haiko katika jina tu. Mbege huuzwa ikiwa hai. Wakati unapoinywa, chachu bado inafanya kazi na vijidudu vya ukali bado vinafanya vyao. Ifungie ndani ya chupa ikiwa hivyo, nayo itapasua chupa. Ichemshe ili kuua chachu, nayo itakuwa uji uliopikwa upya, ulezi utashuka chini na maji yatabaki juu. Ichuje ing'ae, na utakuwa umetoa nusu ya kile ambacho mnywaji alikifuata. Yamkini wataalamu watapata njia siku moja, mimi sipingi. Ninalotaka msomaji aone ni jambo jingine. Ufupi wa maisha ya mbege ndio uliofanya ibaki mikononi mwa akina mama. Kitu kinachodumu siku mbili hakiwezi kurundikwa ghalani na mwenye lori. Hakisafirishwi mbali, hakingojewi kipande bei. Kila kijiji lazima kiwe na mpishi wake, na kila mpishi lazima awe na majirani. Siku itakapoweza kukaa miezi sita dukani, sina hakika kama pipa la nyuma ya jiko litasalia na kazi.

Mama yule nilipomweleza hoja ya kijana wa Arusha hakuipinga. Aliuliza tu mtambo huo utakuwa wa nani.

SI KILA KINYWAJI NI MBEGE

Isije ikadhaniwa kwamba mwandishi anaupamba ulevi. Wako akina baba ambao huishi kilabuni, na fedha ya mfereji niliousema hapo juu mara nyingine hutoka katika nyumba ambayo watoto wake hawajala. Mwenyeji wangu analijua hilo kuliko mimi. Wapo wateja wawili ambao huwauzia jagi moja kila mmoja na basi, kwa kuwa wake zao wamemwomba hivyo. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 nayo hutaka leseni na saa za kuuzia, na ni jambo jema.

Hata hivyo tusizitie pombe zote katika gunia moja. Gongo ni kinywaji kilichokenekwa kwa mvuke, na kukikeneka bila leseni kulikatazwa kwa sheria ya mwaka 1966, ambayo kwa Kiingereza ilikiita kinywaji hicho kwa jina la mtaani, moshi, ingawa mji wa Moshi hauna hatia yoyote. Kisha vikaja vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali, vilivyoitwa viroba, ambavyo kijana aliweza kuvitia mfukoni na kunywa peke yake njiani. Vilipigwa marufuku Machi 1, 2017. Mama alisema miaka ile ya viroba ndiyo iliyokuwa migumu kwake kuliko yote. Vijana waliacha kuja, maana kiroba kilikuwa rahisi, kikali, na hakikutaka mtu aketi na wazee. Baada ya marufuku baadhi yao walirudi. Wengine walikwisha kupotea njia nyingine.

Kinachomsumbua sasa ni mrithi. Binti yake mkubwa ana kazi ya ofisini Dar es Salaam, naye hutuma fedha nyumbani kila mwezi bila kukosa, lakini amesema wazi kwamba harufu ya nyalu haitaingia tena katika nguo zake. Mkaza mwana yuko nyumbani na anasaidia kumenya. Juu ya moto wa uji, hata hivyo, mama hajampa nafasi. Nilimwuliza kwa nini. Alisema bado hajui kusikiliza.

Ikiwa nawe utakwenda, ndugu msomaji, usiende kwa haraka ya siku moja. Uliza siku ya nani ni leo. Kila mtu atakuonyesha. Fika mchana, kula kwanza, na usiendeshe gari baadaye. Mbege ya mjini Moshi inanyweka, lakini imesafiri, na safari huonekana katika ladha yake. Nunua jagi hata kama utamaliza nusu, kisha mpe aliye karibu. Na usipige picha ya wazee kabla hujasalimiana nao.

Jumatatu asubuhi nilipokwenda kuaga, nilichukua dumu tupu nikitumaini litajazwa kutoka kwa mpishi wa Jumanne au popote pale. Mama alilitazama, akalirudisha mkononi mwangu.

"Itafika Dar es Salaam ikiwa siki, kama haijamwagikia watu ndani ya basi."

Aliingia ndani akatoka na vifurushi viwili vilivyofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Kimoja kilikuwa kimea cha ulezi, kama kilo mbili. Kingine, kidogo kama ngumi ya mtoto, kilikuwa msesewa. Ndizi, alisema, nitazipata huko huko sokoni, na huko kuna joto, basi nisiipe nyalu siku nne, niitazame tangu siku ya pili.

"Na siku ya kupika uji unipigie simu kabla hujawasha moto," alisema. "Uniwekee hapo karibu na sufuria, nisikie."